Sauti ya Mwashi

Mama yake Filimbi alifanya kazi katika kiwanda cha mikate, na watu wa mikate huondoka nyumbani wakati wenzao bado wanakoroma. Kwa hiyo kila asubuhi Filimbi, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alibaki ndiye mkubwa wa nyumba. Aliwasha jiko, akabandika chai, akafagia sebule, kisha akakata mkate vipande vyembamba na kuuondolea maganda, maana bibi hakuwa tena na meno ya kugombana nayo. Mambo yakiwa tayari alibeba sinia hadi chumba cha nyuma, akausukuma mlango kwa kiwiko.

"Hodi, bibi. Chai."

"Karibu, mume wangu," bibi alijibu. "Leo umechelewa. Endelea hivyo hivyo uone kama sitaolewa na mwingine."

"Nenda tu, bibi. Tuone kama huyo mwingine atakutolea maganda ya mkate."

Bibi alicheka hadi akakohoa. Ndivyo siku ilivyoanza katika nyumba ile, mwaka hata mwaka.

Jina la Filimbi alipewa na bibi huyo huyo. Alipokuwa mchanga alilia kwa sauti nyembamba iliyopenya kuta, na bibi akasema mwanawe amezaa filimbi, si mtoto. Siku hizo bibi alikuwa bado anaona. Alifua shuka za hospitali kwa miaka mingi, mikono yake ikachakaa kwa sabuni, na uzeeni macho nayo yakafifia kidogo kidogo mpaka ikawa giza tupu. Tangu hapo aliwatambua watu kwa sauti. Mtu akikohoa tu barabarani, yeye alikwisha kumjua ni nani na anakwenda wapi.

Lakini sasa hata kumbukumbu zilianza kumpiga chenga. Aliuliza jambo, akajibiwa, kisha akaliuliza tena kabla chai haijapoa. Siku nyingine alidhani asubuhi ni jioni. Daktari wa zahanati aliwaambia kwamba uzee umefika kichwani, na kwamba dawa kubwa ni uvumilivu.

Katika chumba chake kulikuwa na dirisha moja dogo lililotazamana na ukuta wa jirani. Baba yake Filimbi, fundi wa kujenga ambaye mtaa mzima, hata mama yake mzazi, walimwita Mwashi, aliahidi kumtobolea dirisha jingine upande wa jua. Alipima, akachonga ukutani alama nne kwa patasi, moja kila pembe. Kabla hajarudi na nyundo, aliugua. Hakuugua muda mrefu. Walimzika mwaka juzi, na zile alama nne zikabaki. Wakati mwingine Filimbi alimkuta bibi amesimama akizipapasa, moja baada ya nyingine.

Mwaka huo sauti ya Filimbi ilianza kumfanyia vituko. Aliweza kuanza sentensi kwa besi na kuimaliza kama kuku aliyekanyagwa. Darasani walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Amua basi," mwenzake wa dawati alimwambia. "Humo ndani mko wangapi?"

Filimbi naye alicheka. Wavulana wengi wa darasa lile walikuwa kwenye safari hiyo hiyo, na aliyecheka leo alichekwa kesho.

Kisha alishikwa na mafua makali. Alilala siku kadhaa koo likiwaka moto, akizungumza kwa ishara tu, na mama akaomba ruhusa kazini ili kuwahudumia wote wawili. Siku hizo bibi naye alikuwa hali chakula vizuri. Alimega kipande cha mkate, akakigeuza geuza, akakirudisha kwenye sahani. Alikuwa amekonda hivi kwamba nguo ndizo zilizomvaa yeye.

Filimbi alipopona, mama alirudi kiwandani na vituko vya sauti vilikuwa vimekwisha. Sauti ilikuwa imetulia chini, nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwanzoni mwa maneno. Asubuhi hiyo alisukuma mlango kwa kiwiko kama kawaida. Koo lilikuwa bado linamuuma, akafupisha maneno.

"Hodi. Chai hii hapa."

Bibi hakutania. Aligeuza uso wake pole pole kuelekea mlangoni.

"Mwashi?" alisema. "Mwashi, mwanangu, umerudi?"

Filimbi alifungua kinywa amwambie, "Bibi, ni mimi." Lakini uso wa bibi ulikuwa umechangamka kwa namna ambayo hakuwa ameiona tangu mazishi. Mikunjo yote ilikuwa inatabasamu. Neno lililotoka likawa jingine kabisa.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nimerudi."

Bibi alikula mkate wote. Aliomba na mwingine.

Filimbi alikwenda shuleni akiwa na furaha, lakini ilikuwa furaha yenye kijiwe ndani ya kiatu. Alijiambia kwamba amefanya vizuri. Bibi amekula, mama hatakuwa na wasiwasi, na hakuna aliyeumia.

Mchana, wakati wa mapumziko, alikimbia nyumbani kumlisha tena. Kesho yake vivyo hivyo. Mama alipompelekea bibi chakula cha jioni, bibi alikisukuma. "Mwashi ndiye atakayenilisha," alisema, na mama, aliyedhani ni uzee tu, alitoka na sahani akiwa ameuma midomo. Filimbi alisubiri mama alale, akaingia kimya kimya na ile sauti nzito, na sahani ikarudi tupu. Mbele ya mama alinong'ona tu, akisingizia kwamba koo bado linamuuma.

Uongo huo haukukaa mahali pamoja. Bibi alianza kuuliza. Je, ile nyumba ya mwalimu mkuu ameimaliza? Mgongo umepona? Na dirisha lake, je?

"Kesho kutwa, mama," Filimbi alijibu. "Nitalitoboa kesho kutwa."

Alidhani atasahau. Mara nyingine alisahau kweli. Mara nyingine alikumbuka, akakaa kitandani amevaa nguo safi, uso ameuelekeza kwenye zile alama nne, akisubiri nyundo. Siku kama hizo Filimbi hakurudi shuleni baada ya mapumziko. Alikaa naye, akabuni visingizio kuhusu saruji iliyokwisha na mchanga ambao haujaletwa.

Na tuseme ukweli wote, hakufanya hivyo kwa ajili ya bibi peke yake. Alipokuwa bafuni, maji yakitiririka na hakuna wa kumsikia, alijisemesha kwa sauti ile. "Kijana wangu," alijiambia, "umeshindaje leo?" Ndivyo baba yake alivyomuuliza kila jioni akirudi kazini, viatu vikiwa vyeupe kwa saruji. Filimbi alijaribu kumjibu, akashindwa. Alisimama hapo akilia hadi maji yakakatika.

Siku moja tanuri la kiwandani liliharibika, wafanyakazi wakaruhusiwa kuondoka mapema. Mama alirudi mchana akiwa amebeba mfuko wa mikate iliyovunjika, ile ambayo kiwanda hakikuweza kuiuza. Alifika koridoni, akasikia mtu akizungumza katika chumba cha mkwewe.

"Vumilia kidogo, mama. Nikisema kesho kutwa, ni kesho kutwa."

Mfuko ulimponyoka. Filimbi aliusikia ukianguka, akatoka mbio. Alimkuta mama ameegemea ukuta, macho ameyatoa, mkono ukiwa kifuani.

"Ni wewe?" mama alinong'ona. "Ni wewe uliyekuwa unasema?"

"Mama, nilikuwa nataka tu bibi ale."

"Unajua umenifanya nini?" Sauti yake ilipanda, kisha ikavunjika. "Nilisahau. Nilisimama hapa nikasahau kwamba amekufa. Nilitaka kumwambia aje anipokee mzigo. Halafu umetoka wewe, na mimi imebidi nimzike tena, sasa hivi, hapa hapa, peke yangu!"

Hakumpiga. Aliketi sakafuni kati ya vile vipande vya mikate, akalia kama mtoto. Filimbi alitamani angempiga.

Tangu mchana huo alifunga kinywa. Alimwona mama akishtuka kila alipotamka jambo, hata akisema "shikamoo" tu, basi akaacha kutamka. Nyumbani alitikisa kichwa. Shuleni mwalimu alimuuliza swali, akasimama, akatazama chini. Wenzake walidhani anaringa, kisha wakadhani anaumwa, kisha wakaogopa wakaacha kumtania. Chumba cha nyuma nacho kikawa na mtu anayeita. "Mwashi! Mwashi!" Asipoitikiwa, bibi alijigeuza upande wa ukuta na kukataa chakula. Nyumba ilikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na msiba wake pembeni.

Mwalimu wa darasa ndiye aliyempeleka kwa mwalimu mshauri. Huyo alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza wanafunzi wenye mizigo, na ofisi yake ilikuwa stoo ya zamani ya vifaa vya michezo. Mipira iliyopasuka ilikuwa bado imerundikwa kwenye kona, na chumba kilinuka ngozi na vumbi. Alimwita na mama yake Filimbi, akapanga viti vinne, nao walikuwa watatu.

Hakumhoji Filimbi. Alimwomba mama aeleze, naye mama alieleza yote, akijifuta macho kwa kofia yake nyeupe ya kazini. Muda wote huo Filimbi alikuwa anakitazama kile kiti cha nne. Mwishowe alishindwa kuvumilia.

"Hicho ni cha nani?" aliuliza.

Mama alifumba macho aliposikia sauti ile. Mwalimu mshauri alimshika mkono, lakini alimjibu kijana.

"Ni cha baba yako. Nimekileta makusudi. Kwenu nyumbani kiti hiki hakiko wazi, kwa sababu wewe ndiye uliyekikalia. Ulikaa kwa mapenzi, sikulaumu. Lakini ukikaa hapo, wewe mwenyewe huonekani, na yeye hana mahali pa kukumbukwa."

"Lakini sauti yenyewe ni yake," Filimbi alisema. "Nikisema chochote, ni yeye. Mama anaumia. Afadhali ninyamaze."

"Umri wako ndio umefanya hivyo," mwalimu alisema. "Koo la mvulana hukua kama miguu yake inavyokua, na sauti hushuka. Ni afya hiyo, wala si kosa. Imetokea tu kwamba umefanana na baba yako kooni, kama wengine wanavyofanana na baba zao puani. Hukuiba kitu cha mtu. Umerithi." Alimgeukia mama. "Nawe dada yangu, ulikuwa mke, sasa ni mjane. Hakuna aliyekufundisha ujane. Na yule mzee kule chumbani naye anaingia katika umri ambao hakuujua. Nyote watatu mko kwenye mabadiliko makubwa kwa wakati mmoja, na kila mmoja anamficha mwenzake. Ndiyo maana yanawalemea."

"Nifanye nini, mwalimu?" Filimbi aliuliza.

"Mwambie bibi yako ukweli. Kwa sauti hiyo hiyo."

"Je, akikataa kula?"

"Inawezekana," mwalimu alikiri. "Sitakudanganya. Lakini anayemlisha atakuwa ni wewe."

Kwanza, hapo hapo katika stoo, mama alimwambia mwanawe aseme jambo, jambo lolote, naye asishtuke. Filimbi alifikiri. "Mama," alisema, "nina njaa." Mama alicheka huku machozi yakimdondoka, akasema hayo kweli ni maneno ya Filimbi, maana Mwashi hakuwahi kuomba chakula, alijipakulia.

Jioni ile aliingia chumba cha nyuma na sinia. Mama alisimama mlangoni. Filimbi alipiga moyo konde, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwashi," bibi alisema, "ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Bibi, mimi si Mwashi. Mimi ni Filimbi. Sauti yangu imebadilika, nimekua. Baba alikufa, bibi. Nilikudanganya. Nisamehe."

Bibi alinyoosha mkono, akampapasa bega, shingo, kisha akaweka vidole vyake vigumu juu ya koo la mjukuu wake na kuviacha hapo.

"Siku ya kwanza nilidanganyika," alisema. "Nililia kwa furaha ulipoondoka. Lakini siku zilizofuata, akili ikinirudia, nilijua."

"Ulijua? Kwa vipi?"

"Nilikuwa nikiita mara moja, unaitika. Mwanangu hakuwahi kuitika mara moja tangu azaliwe. Nilimwita Mwashi mpaka koo likanikauka, ndipo alipokuja akijikuna kichwa, eti, 'Mama, uliniita?'" Bibi alitabasamu, kisha akatikisa kichwa. "Nilijua si yeye. Nilitaka tu niisikie. Nilikunyima masomo yako ili niisikie. Nisamehe nawe, mume wangu. Sote wawili tulikuwa waongo."

Walilia wote watatu, kwa sauti, kama walivyopaswa kulia mwaka juzi badala ya kufichana. Mlo wenyewe ulipoa. Bibi alikula vijiko vichache tu, si zaidi. Filimbi hakumlazimisha.

Siku ya mapumziko mama alimwita fundi mmoja mrefu aliyefanya kazi na Mwashi zamani. Alizitazama zile alama nne ukutani kwa muda, akavua kofia. "Alama za huyu bwana hazina haja ya kupimwa tena," alisema, akaanza kugonga. Filimbi alichanganya saruji hadi malengelenge yakamtoka viganjani. Walipopachika fremu, jua liliingia chumbani na kutua juu ya kitanda, na bibi akasogea hadi likamfika usoni.

Mama alisimama nje na mwanawe, wote wakiwa weupe kwa vumbi.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kukua si kumwacha baba yako, na wala si kuwa yeye. Huzuni usiifungie ndani peke yako, na usiidanganye ili inyamaze. Ukiumia, sema. Sauti unayo sasa, tena kubwa. Itumie kusema kweli."

"Nimesikia, mama," alijibu Filimbi, na mama hakushtuka.

Filimbi alirudi kusoma siku nzima, akafidia masomo aliyoyakosa, na mchana jirani mmoja alikubali kumchungulia bibi. Lakini uzee haukurudi nyuma. Siku za bibi za akili nzuri zilipungua, na zile nyingine zikaongezeka. Asubuhi moja Filimbi alikuwa anakata mkate jikoni aliposikia mwito kutoka chumba cha nyuma.

"Mwashi!"

Kisu kilisimama mkononi mwake. Alijua jibu ambalo lingeleta tabasamu. Alibeba sinia, akausukuma mlango kwa kiwiko.

"Ni Filimbi, bibi. Mwashi hayupo. Alishafariki."

Bibi alikuwa ameketi mbele ya dirisha, jua limemjaa usoni. Aliinamisha kichwa, kama mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Chozi lilimtoka, likafuata mkunjo mmoja hadi kidevuni. Kisha alipapasa kitanda pembeni yake, akamtengea nafasi.

"Basi njoo wewe," alisema. "Wewe ukiitwa, unaitika."